Baba Mkwe Anataka Niwaandikie Kwamba Hajambo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka kwa sababu jambo lenyewe halisubiri. Nitaeleza kwa mpangilio ili usihangaike kuniuliza mara mbili.

Mimi ni mke wa fundi mwashi ambaye kazi humweka mbali na nyumbani kwa miezi, na hapa nyumbani ninakaa na wanangu pamoja na baba mkwe, ambaye ni fundi seremala na karakana yake iko hapohapo uani, na kwa kuwa mama mkwe alishafariki, mtu mzima wa kumwangalia mzee huyu ni mimi peke yangu. Mwanzoni mwa mwezi huu alifanyiwa upasuaji mdogo wa ngiri, wakamshona chini ya tumbo, karibu na kinena, akarudi nyumbani jioni ileile akitembea mwenyewe. Pale mapokezi ya hospitali walisema hana haja ya kwenda kupanga foleni kila mara, watamfuatilia kwa ujumbe wa simu, wakaomba namba, na baba, ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu kwa kuwa maandishi hayaoni, akaninyooshea kidole akasema, "Andikeni ya mkwe wangu. Huyu ndiye karani wangu."

Ukarani wenyewe ni huu. Ujumbe huingia asubuhi nikiwa jikoni, nao huanza hivi: "Habari yako? Unaendeleaje baada ya upasuaji? Jibu 1 kama huna tatizo. Jibu 2 kama una homa, uvimbe, maumivu makali au kidonda kinatoa majimaji." Mara ya kwanza nilimsomea, na kabla sijafika kwenye hiyo moja akanikatiza, "Wamenijulia hali, vizuri. Waambie sijambo, nashukuru, wao je?" Nikamwambia, hapana baba, hawa hawasalimii, wanataka namba. Akasema, "Tangu lini mtoto akamjulia hali mtu mzima bila shikamoo? Haya, wape namba yao. Moja." Nikaandika moja, na kwa kweli siku ile alikuwa vizuri, sikuona ubaya.

Ujumbe wa pili ukaenda hivyohivyo. Ulipoingia wa tatu alikuwa amesharudi karakana, ingawa alikatazwa kuinua kitu chochote kizito, nikamkuta ameshika mlango upande mmoja, amejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Nikajikaza nikasimama nje ya karakana nikamsomea ujumbe wote, neno kwa neno, huku macho yangu yakiwa kwenye maranda yaliyotapakaa chini, kwa sababu, mshauri, mahali kidonda kilipo nimeshakutajia, na huyu ni baba mkwe wangu. Nilipofika kwenye majimaji akasema, "Kwani kidonda changu bomba? Andika moja, mwanangu, niache nifanye kazi." Nikaandika moja.

Sasa linakuja lililonifanya nikuandikie. Mimi ndiye ninayefua nguo za nyumba hii. Juzi nilikuta doa kwenye msuli wake, la manjano, lenye harufu, na leo nimekuta jingine kubwa zaidi, na safari hii alikuwa amejaribu kulisugua mwenyewe kwa sabuni kisha akaukunja ule msuli akauficha chini kabisa ya nguo nyingine, mtu ambaye tangu nimeolewa hapa sijamwona akigusa beseni. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anajua. Chakula anakiacha nusu, anasema kina chumvi, na chumvi haijazidi. Nilijaribu kwa kuzunguka, nikamwambia, "Baba, si tungepitia hospitali wakuangalie mara moja tu?" Akaweka randa chini akaniambia, "Niliingia pale kwa miguu yangu, wakanilaza mezani kama ubao. Sirudi."

Nikampigia mume wangu. Akasema, "Baba akisema hajambo, wewe nani uwaandikie kwamba anaumwa? Unataka kumwaibisha mzee?" Nikamwambia nguo ninafua mimi na ninachokiona ninakiona mimi. Akasema mtandao unakatikakatika, na ulikuwa haukatiki, nilikuwa namsikia vizuri kabisa mpaka na mwenzake aliyekuwa anamwitia zege.

Hospitali wameandika kwamba kesho ndiyo mara ya mwisho kutuma, na akijibu 1 ufuatiliaji wake utafungwa. Mshauri, moja siandiki tena. Hilo nimeshaamua na sikuulizi. Ninachokuuliza ni namna ya kufanya, niandike mbili kimyakimya aje kushtukia anapigiwa simu, au nimwambie kwanza anikataze kisha nimvunjie neno lake, na mume wangu nimjibu nini, maana heshima niliyo nayo katika nyumba hii sikuipata kwa siku moja, na sitaki kuipoteza, lakini pia sitaki kukaa hapa na heshima yangu huku mzee anaoza.

Karani wa Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Karani wa Fundi, pole. Kumuuguza baba mkwe kwa mbali, kwa kusoma nguo zake kwenye beseni, si kazi ndogo. Pole nimeshakupa, sasa acha nikugombeze.

Barua yako imenifikia kwa simu. Bila shaka umeiandika kwa simu hiyohiyo inayopokea ujumbe wa hospitali. Sasa niambie: vidole vilivyoandika habari yote hii, na zege la mwenzake mumeo ndani yake, vilishindwaje kuandika tarakimu moja? Unasubiri kesho kwa nini? Nani kakwambia ni lazima uulizwe ndipo useme? Andika mbili sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwanza kwa simu, gazetini litafuata.

Umeandika? Endelea.

Hospitali haikuuliza kama baba ni mwanamume shupavu. Haikuuliza kama mmelelewa vizuri. Imeuliza kama kidonda kinatoa majimaji, nacho kinatoa, tena yananuka. Ukijibu hivyo humwaibishi mtu. Kumwaibisha ni kumpeleka pale akiwa amebebwa na majirani.

Na umwelewe mzee wako. Wewe unamwona mkaidi. Mimi, kwa ulivyonieleza, ninamwona mtu mwenye hofu. Mwanamume wa umri wake hajifungii na sabuni kusugua msuli kwa kiburi. Anaogopa ile meza. Kwa hiyo usimfokee, na usimtandazie msuli mbele ya macho yake. Kimyakimya pia sikushauri. Akigundua umempitia nyuma, hatakuamini tena, na bado utahitaji akuamini. Nenda karakana, simama palepale ulipozoea kusimama, umwambie: "Baba, nimeona nguo wakati nafua. Nimewaandikia mbili. Watapiga simu, na utaongea nao mwenyewe." Hapo huombi ruhusa, unampa taarifa. Akinguruma, mwache angurume. Usibishane naye, na usiondoke.

Wakipiga, pokea wewe, uombe nesi mwanamume kama yupo, umwambie aanze na shikamoo. Usicheke, ninasema kweli. Kisha mpe mzee simu, utoke nje. Maswali ya kinena si yako kuyauliza na si yako kuyasikia, na yeye atayajibu vizuri zaidi ukiwa jikoni. Kabla hujatoka, mwambie akikwama aulize jambo moja tu, lile linalomkaa rohoni: je, mtanilaza tena? Mimi siwezi kumjibu, maana kidonda sijakiona. Ninachojua ni kwamba kikiwahiwa, aghalabu husafishwa na mtu akapewa dawa. Anayechelewa ndiye anayeirudia meza.

Leo hiihii aende hospitali. Akipata homa, akitapika, au pale mahali pakivimba na kuwa pagumu, usikae kungoja simu ya mtu, tafuteni usafiri muondoke. Kidonda kisitiwe unga, majani wala dawa ya jirani. Na kuinua milango basi, hata kama wateja watanuna.

Mume wako mwandikie, usimpigie. Mwandikie hivi: "Kidonda cha baba kina usaha. Ninampeleka hospitali. Nitakupa habari tukitoka." Basi. Mtandao ukikatika, ujumbe utamsubiri. Akirudi na maneno, mwambie ukarani wa nyumba hii ulikabidhiwa na baba mwenyewe mbele ya watu wa mapokezi, na karani huandika kilichopo.

Mkifika huko, waombe waongeze na namba ya mume wako pale kwenye yako. Na yeye awe anaulizwa asubuhiasubuhi, aone utamu wake.

Nanyi mnaotuma ujumbe huo, nawapongeza, maana mmewapunguzia watu foleni. Lakini ukianza na "habari yako", mtu wetu atakuitikia "nzuri" hata kama ameshikilia utumbo mkononi. Ndivyo tulivyofundishwa. Mwiteni kwa heshima yake, kisha ulizeni kidonda moja kwa moja: kimekauka au kimelowa? Hapo hakuna pa kujifichia.

Gazeti lilikuwa halijachapwa ulipoandika tena, nami nayaweka maneno yako hapa kama yalivyo: "Nimeandika. Wamepiga baada ya muda mfupi. Baba alininunia, lakini simu akaichukua. Nimetoka nje kama ulivyosema, nilichosikia ni neno la kwanza tu, marahaba. Sasa yuko chumbani anatafuta shati la kutokea."

Mtafutie wewe hilo shati, asiiname. Na karakana ifunge, ufunguo utembee nao.