Mguu wa Baba Mkubwa

Saint Paul, Minnesota
10 Machi 2025

Mpendwa Mama mkubwa Valentina,

Shikamoo. Habari za Kamachumu, na afya yako inaendeleaje? Presha imetulia? Nauliza kwa dhati, maana kabla hujaendelea kusoma ningependa uwe umekaa, na uwe umeshameza dawa yako ya asubuhi. Migomba imesimama vipi baada ya ule upepo? Na yule ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa? Sisi huku tu wazima. Theluji bado ipo, imekuwa ya kijivu na imechosha kila mtu. Goretti wangu ametimiza miaka saba na meno mawili ya mbele yameng'oka. Akicheka utampenda.

Barua hii anakuletea Baba mkubwa mwenyewe, kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nimemwomba akukabidhi kabla hujampelekea maji ya kuoga, usije ukauona mguu wake kabla ya kuyasoma maneno yangu.

Tulikuambia kwenye simu kwamba aliteleza kwenye barafu. Si kweli, Mama. Ni mimi niliyempiga risasi.

Siku nne nzima nimekaa na kalamu mkononi nikiizunguka sentensi hiyo. Tafadhali usishtuke, mguu upo na anatembea. Risasi ilipita kwenye nyama, nyuma ya mguu wa kushoto, chini ya goti, haikugusa mfupa. Walimlaza siku tatu. Sasa ana mkongojo, na anajidai kwamba anaubeba kwa ajili ya heshima tu.

Nianzie mbali kidogo. Nilipokuwa bado mji wa Sioux Falls, katika jimbo la jirani, niliporwa gari mchana kweupe nje ya duka, Goretti akiwa amekaa ndani ya toroli la manunuzi. Hilo pia nilikuficha. Baada ya hapo nikanunua bastola. Jimbo lile halimdai mtu mzima kibali cha kuificha mwilini: unanunua, unaichomeka kiunoni, unaenda zako kazini. Mafunzo yangu yalikuwa video ya dakika kumi na mbili kwenye simu, niliyoitazama huku nikimenya ndizi.

Mwaka juzi tulipohamia huku, Chepkemoi aliniona nayo jikoni kwake, mji wa Blaine. Unamjua mke wa kaka Walter, yule binti wa Kericho, hamung'unyi maneno. Akaniambia, "Bena, hapa ni Minnesota. Lazima u-apply permit, na kuna class, ni siku moja tu. Si u-book hata kesho?"

Nilimjibu kwamba sihitaji kukaa darasani siku nzima nikifundishwa kubeba kitu ninachokibeba kila siku. Walter akaniunga mkono, akasema wezi nao hawaendi darasani. Tukacheka sana mimi na Walter. Chepkemoi hakucheka, akaendelea kukata sukuma wiki. Kicheko kile nakisikia mpaka leo, na naona haya hata nikiwa peke yangu.

Basi Baba mkubwa akaja, katikati ya baridi, na Jumapili ya tarehe kumi na tisa Januari Watanzania wa hapa wakamwandalia chakula cha kumkaribisha, kwenye ukumbi wa kanisa kule Brooklyn Center. Natamani ungeniona mimi, mwanao uliyemlea, Mama. Nilishona sketi ya kitenge. Wiki nzima nilimfundisha Goretti kupiga magoti pale sebuleni, kama ulivyonifundisha wewe kwenye nyasi za nyumba yako: shuka taratibu, macho chini, mikono pamoja, "Shikamoo Babu." Mtoto huyu naongea naye Kihaya na Kiswahili, ananijibu Kiingereza, lakini maneno hayo mawili aliyashika vizuri.

Nyumbani bastola ilikuwa inakaa kwenye droo, kwa hiyo katika mazoezi yetu yote haikuwepo kiunoni. Na kwa miaka tisa huku Marekani sikuwa nimempigia mtu magoti, tunapeana mikono tu na kukumbatiana. Siku ile niliichomeka kwenye mkanda wa sketi, chini ya blauzi, bila hata kuwaza, kama mtu anavyovaa saa.

Baba mkubwa alikuwa amekaa mbele, suti ya kijivu, kofia pajani. Watu wametulia kututazama, simu zimeinuliwa. Nikashuka, Goretti kando yangu. Kiuno kilipojikunja, bastola ikachomoka. Nilisikia aibu kabla ya kusikia kitu kingine chochote: watu wote hawa wataiona. Nikaidaka hewani. Kidole kikaingia pale kisipotakiwa kuingia.

Nilitamani mlio ule uwe umetoka kwingine. Baba mkubwa aliutazama mguu wake, kisha akamtazama Goretti, akauliza, "Mtoto mzima?" Hilo ndilo neno lake la kwanza, Mama. Kichwa cha mtoto na ule mguu vilipishana hatua moja.

Polisi walinifunga pingu mbele ya wote, nikiwa na sketi yangu mpya. Bastola waliichukua. Nimeshtakiwa kwa kuibeba bila kibali na kwa uzembe, na kesi ni tarehe ishirini na saba mwezi huu. Mwanasheria anasema kwa mgeni kama mimi kosa la bunduki linaweza hata kunirudisha nyumbani. Miaka yote nimetamani kurudi Kamachumu, lakini si kwa namna hii.

Uongo wa barafu aliuanza yeye, kitandani hospitalini, kwa sababu ya presha yako, na mimi nikaudandia upesi mno. Majuzi akaniambia uongo huo umemchosha. Akasema, "Hataujua ukweli kwa kinywa changu. Utamwandikia wewe."

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye lile darasa, kule Roseville. Sina bastola na sidhani kama nitaitaka tena, nilitaka tu kujua nilichokidharau. Mwalimu ni mzee wa Kizungu, anavaa kifaa cha kusikia. Hata saa moja haijaisha, alisukuma bastola ya mpira kutoka juu ya meza, na watu watatu tukanyoosha mikono kuidaka. Akatutazama mmoja mmoja. "Ikianguka, iacheni ianguke," akasema. Nikatoka kwenda chooni nikalia mpaka mapumziko yakaisha.

Walter bado anashikilia kwamba haki ya kujilinda haiombewi cheti. Sibishani naye kuhusu haki. Niliogopa kweli, na nilikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini kama sheria ya kule nilikonunulia ingenikalisha darasani siku moja, kwa nguvu, nikinuna, Baba mkubwa angerudi kwako na miguu yake miwili mizima kama alivyoondoka. Kwa hiari yangu nisingekwenda. Najijua.

Nisamehe, Mama mkubwa. Ulinikabidhi mume wako nikutunzie. Ukiona huwezi kunijibu sasa, nitaelewa.

Nisalimie mdogo wangu Jeremiah na mkewe, na jirani yetu Mama Heri, ambaye najua atataka kusomewa barua hii. Msomee tu, sina cha kuficha tena.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna la jana. Tulikwenda Blaine, kwa Walter, kumuaga Baba mkubwa. Alikaa kwenye kiti, mguu ameunyoosha juu ya stuli. Nilipoanza kushuka kumsalimia, Goretti akanishika blauzi. Akanipapasa kiuno upande wa kulia, upande wa kushoto, akazunguka akapapasa na mgongoni, taratibu, kama askari wa uwanja wa ndege.

"Okay, Mama," akasema. Ndipo akapiga magoti, na mimi nikapiga kando yake.

Mungu akutunze na akuongezee siku, na akufikishie mzee wako salama.

Mwanao akupendaye, mwenye aibu,
Bernadetha