Mistari Miwili ya Chumvi

Isansa, Mbozi

Mwanangu Aliko,

Hujambo mwanangu? Mitihani imeisha salama? Bibi yako Elizabeti anakusalimia, miguu inamsumbua ila anakula. Dada yako Imelda hajambo, mtoto wake ameanza kukaa. Mdogo wako Jenista naye hajambo, anauliza utamletea nini kutoka Dodoma. Jirani Ketrina anakusalimia sana, mdomo wake ni ule ule.

Mwanangu, kile chombo cha kupasua mwanga wa nyota mlichotengeneza na baba yako kimekubali. Ulipoondoka ulilalamika kwamba ukikielekeza kwenye moto wa chumvi unaona mstari mmoja mnene wa njano, na ilitakiwa iwe miwili, na kama hapo kinashindwa, nyota hakitaziweza. Neno hilo lilimkaa baba yako. Akasema sanduku limecheza kwa mvua, ndiyo maana kioo hakitulii. Akakata shina la kahawa lililozeeka, akachonga kikalio kipya cha kioo, ndani ya sanduku akapaka masizi, zile nyembe mbili za kupitishia mwanga akazisogeza mpaka mimi nikadhani zimegusana. Mchana mmoja akaziba madirisha ya jikoni, akaniambia nidondoshe chumvi kwenye moto. Nikidondosha, anasema ongeza. Ketrina akapita, akauliza kama siku hizi kwetu tunaunga moto badala ya mboga. Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Halafu akachungulia, akaniita niangalie. Ni miwili kweli, Aliko. Myembamba kama nyuzi, na giza katikati. Akanikataza nisikuambie, alitaka uje uone mwenyewe naye akiwa pembeni.

Kile kikohozi hakikuisha. Tulimpeleka hospitali, wakahangaika naye. Mwanangu, kaa chini kwanza. Baba yako ametutoka. Tumemzika juu kule, penye kahawa. Yeye mwenyewe alisema mtoto asiambiwe mpaka amalize mitihani, na baba zako wadogo wakakubaliana hivyo, si unajua huku tunavyofanya. Ulipopiga simu nikakwambia yuko Tunduma kwenye mbao. Ukasema nimpe salamu zako. Nikajibu zimefika. Hilo neno "zimefika" ndilo linaloninyima usingizi, maana tulikuwa tumeshamzika.

Kunikasirikia, nikasirikie, ila njoo nyumbani. Nilijaribu kukwambia kwa simu, sauti ikakataa, ndiyo maana naandika.

Barua hii usiisome tena ukiwa peke yako, mwite rafiki yako akae nawe. Na unijibu upesi mwanangu, hata neno moja tu, nijue uko mzima.

Ni mimi mama yako,
Ferista