Mumeo Alikuwa Akiniogopa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula vizuri, na kidonda kimekauka. Bandama waliitoa yote, maana ilipasuka na damu ikawa inamwagikia ndani. Daktari kasema mtu anaishi bila bandama. Nimechomwa chanjo, ila homa ikinishika, hata ndogo, nikimbilie hospitali.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, maana kwenye simu mtoto alikuwa anasikia. Malaria ilikuwa imeivimbisha bandama bila mimi kujua. Nimejilaza mkekani tunacheza, mumeo, huyu mjukuu wako unayemdekeza, akanirukia kutoka kitandani. Jirani akamwambia, "Umemuua mama yako!" Tangu nirudi alikuwa hanisogelei, analala kwa wifi. Mama, hilo liliniuma kuliko mshono.

Leo asubuhi nikamwita. Akasimama mlangoni.

"Nikikugusa utapasuka tena?"

"Kilichopasuka walishakitoa, baba. Njoo uone walivyonishona."

Akaja, akachungulia. "Mama, wamekushona kama gunia!"

"Gunia la nini?"

"La mkaa."

Nilicheka huku nimejishika tumbo, naye akakimbia kuniletea mto. Akajibanza ubavuni mpaka akasinzia. Bado amenilalia mkono, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Ukija Jumapili, habari za kitanda usizitaje. Ukifika tu, mnyanyue juu kwa niaba yangu, maana mimi bado nimekatazwa vizito, na yeye anataka kubebwa.

Ni mimi mwanao, na mkweo pia.