Mwanamke wa Leso Sokoni Kariokor

Alhamisi, alasiri. Mvua imeinyeshea Donholm kisha jua likatoka kana kwamba haikunyesha, na sasa ni joto tu. Mlango wa duka nimeufunga nusu. Wateja wataniwia radhi.

Wallahi, leo nimeshtuka.

Jirani yangu Mzee Kamau alikuwa zamani akirekodi mchezo mmoja wa kuigiza kwenye televisheni, kila wiki, kwa kanda. Kanda zikashika ukungu. Tukawahi kuzihamishia kwenye kompyuta yangu, naye akazitupa. Kazi yangu ni kubana kila kipindi kiwe kidogo, wajukuu zake wakitazame kwa simu. Natumia kodeki huria, programu za bure za kubana video ambazo watu huzitengeneza pamoja na kugawana. Nazipenda hadi nachekwa mtaani.

Sisi wa kubana video tuna mazoea yetu. Unatafuta sehemu ngumu kuliko zote, unaikata, unaiweka kando, kisha unaibana tena na tena ukibadilisha mipangilio. Ikitoka safi hiyo, kipindi kizima kitatoka safi. Yangu ni ya soko la Kariokor: mvua, umati wa wapita njia unakimbia, na katikati mwanamke wa leso yenye vidoti vidogo vidogo. Vidoti vile ni adhabu. Akipita tu, picha inamegeka.

Nimemtukana yule mama, jamani! "Toka hapo na leso yako!" Wiki nzima. Mwishowe nikawasha kichujio cha kuondoa chenga, zile punje zinazotapakaa kwenye picha za kanda kuukuu. Uso wake ukalainika kama sabuni iliyotumika, faili ikawa ndogo, nikapiga makofi peke yangu. Jana nikafuta kipindi cha asili, kama ninavyofuta vyote nikimaliza, maana diski imejaa.

Leo Khalati Zuhura, dadake marehemu mama, ameingia kujikinga mvua. Nikamwonyesha kazi yangu kwa maringo. Akasogea karibu na skrini. Kisha akashika kifua.

"Lahaula! Mwanangu, huyo si mamako?"

Nikacheka. Nikamwambia, khalati, huyo ni adui yangu.

"Adui? Leso hiyo nilimpa mimi! Na anavyotupa mguu wa kushoto, nani mwingine? Lakini uso wameufanya nini?"

Wameufanya! Ni nani zaidi yangu?

Mama alifariki kabla sijajua kutembea. Namjua kwa picha moja ya kitambulisho, amekunja uso. Sijawahi kumwona akisogea. Kumbe wiki nzima amekuwa akipita mbele yangu, namfokea, hadi nikamfuta uso kwa mkono wangu mwenyewe.

Nililia kama mtoto. Cha asili nimefuta, na kanda zilishatupwa. Nilitamani kujizaba kofi.

Khalati ndiye aliyeniuliza kama sina hata kipande kilichobaki. Yarabi! Kile cha majaribio. Nilikikata kutoka kwenye cha asili na sikukibana, maana ndicho ninachojaribia kila kitu.

Nikakifungua. Chenga tele, na ndani ya chenga, uso. Anamcheka mtu aliyeteleza kwenye tope. Ana mwanya! Mimi huu wangu nimeuficha kwa kiganja tangu shule, na hakuna aliyewahi kuniambia niliutoa wapi.

Khalati akataka nimtumie kwa simu. Simu ikakataa, faili kubwa mno. "Si wewe ndiye fundi wa kubana?" akaniuliza.

Ndiye. Lakini nimemwambia hapana, hii hata vumbi lake siliguzi, utakuwa unakuja kuitazama hapa. Amevuta kiti. Naandika haya naye yuko kando yangu, anairudisha na kuirudisha, analia huku anacheka.

Diski imejaa, na kesho lazima nifute kitu. Nitafuta chochote kingine, hata kazi zangu zote.

Pita, mama. Pita na leso yako.