Majani ya Mama Yanapangwa Upya

Jumamosi, Ushetu. Mawingu mazito tangu asubuhi na mvua imegoma. Mikono yangu inanata gundi ya tumbaku. Nimeinawa mara tatu.

Nilikuja jana kutoka Shinyanga mjini kuandika habari ya mavuno. Shamba ni la kaka yangu Maganga, na mama anaishi naye. Nikaona nitamaliza kazi na kumsalimia kwa safari moja. Ndivyo nilivyozoea kumtembelea mama: kazi kwanza.

Msimu umeshika kasi. Maganga na vibarua wanachuma majani yaliyoiva, wanayafunga kwenye fito na kuyaingiza kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia, ambako moto hauzimwi. Yakitoka huko yanakwenda kwa mama. Yeye ndiye anayepanga madaraja. Jani la rangi ya limau huku, la machungwa kule, la kahawia pembeni. Mnunuzi akikuta rangi zimechanganyika, anarudisha robota zima, furushi lote la majani. La mama halijawahi kurudishwa tangu nikiwa shule ya msingi. Anajivunia hilo kuliko kitu chochote, mimi nikiwemo.

Leo mchana, mama alipokwenda kujinyoosha, nilimkuta wifi yangu Kabula amepiga magoti ghalani. Anafumua malundo ya mama na kuyapanga upya.

"Wifi, usisimame hapo kama mkaguzi," akaniambia. "Kaa chini, mikono ya kalamu nayo ishike gundi."

Nikakaa. Kila nilipochota kwenye lundo la limau, nilikuta jani la kahawia. Nikamwuliza hali hii imeanza lini.

"Tangu msimu uliopita. Mayu haoni rangi tena. Maganga kasema tusimwambie, itamuua."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Kwa hiyo kila siku, mama akilala, Kabula hurudia kazi yote.

Kazi yangu ni kuona. Jana mama alinitambua kwa sauti, akakitafuta kikombe cha chai kwa kupapasa meza, na mimi nikawa naandika kwenye daftari idadi ya mabani.

Kuna jingine. Mwaka jana wakati wa mvua alinipigia simu, akasema moshi unamsumbua macho. Nilikuwa Geita, juu ya duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, nikisubiri watu waliofukiwa watolewe. Nikamwambia anawe kwa maji safi, nitampigia.

Sikumpigia.

Mama alipoamka alirudi kwenye mkeka wake ghalani. Nikakaa karibu naye.

"Nawe leo umepanga?" akauliza bila kuinua uso.

"Kidogo, mama."

"Nawasikia kila siku nikijilaza. Jani kavu lina kelele. Niambie wewe, maana hawa wananihurumia. Kazi yangu bado nzuri?"

Miaka yote hii nimewauliza watu maswali magumu na kuwakazia macho mpaka wajibu.

"Nzuri, mama. Hujaharibu hata jani."

Akacheka kidogo. "Umeanza lini uongo, wewe?"

Yeye ndiye aliyenishika goti, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Kisha akaita.

"Kabula! Njoo ukae hapa mlangoni penye mwanga. Mimi nipeni kamba, nitafunga majani mabichi kwenye fito. Kazi ile haitaki macho."

"Mayu, bado unaweza..."

"Kaa, mwanangu. Umechoka kufanya kazi mara mbili."

Akapapasa ukingo wa mkeka, akainuka peke yake, akampisha. Kabula alikaa pale akiwa ameshika jani moja, asijue aliweke wapi, wakati rangi yake ilionekana wazi kabisa.

Nimemwambia mama Jumatatu tunakwenda hospitali, Kahama. Amesema tumbaku iishe kwanza. Nimesema sitaki kusikia habari ya tumbaku. Amekubali, na nadhani amekubali kwa kunionea huruma.

Sijui ni ugonjwa gani, na sitajifanya najua. Nina swali moja tu kwa daktari: kama ningekuja siku ile ile aliyopiga simu, leo angekuwa anaona?

Nitamwuliza. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, sitaki kujibiwa.