Nikikaa Mie, Inazima

Jumatatu, 5 Machi 1956

Pikipiki nimeipeleka kwa wakala mjini ikiwa nzima, nimerudishiwa mbovu. Naandika ili hasira ipungue, maana nimeubamiza mlango na mke wangu Hayat kanitazama kwa jicho lile lake.

Nilitaka nini mie? Oili imwagwe, itiwe mpya. Breki ya nyuma ibanwe. Basi! Taa zilikuwa zikimulika, honi ikilia hadi kuku wa Buguruni wakiruka mitaro. Leo nimekwenda kuichukua. Fundi wao, Ansbert, kijana wa Bukoba mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, kaipiga teke moja, ikaunguruma. Akasema kila kitu tayari, mzee. Mzee! Ndevu zangu bado nyeusi.

Nikakaa, nikaondoka. Sijafika Ilala, ikazima. Taa hamna, honi hamna. Nikashuka, nikapiga teke — ikawaka! Nikapanda — ikazima. Nikashuka, ikawaka. Jua la saa saba linanichoma utosi. Nimeisukuma mpaka Kipawa, mie, mwokaji ambaye kila nyumba ya huku inakula boflo zake, na watu wa basi wametoa vichwa madirishani wananicheka.

Jumanne, 6 Machi

Alfajiri mikate imekwenda kwa baiskeli. Shemeji Aidarus, mdogo wake Hayat, amebeba tenga mpaka kantini ya uwanja wa ndege. Kafika jua limetoka. Mpishi wa kantini kamwambia kesho ikichelewa hivi wanatafuta mwokaji mwingine.

Nikairudisha pikipiki kwa wakala. Ansbert hata kuinama hakuinama. Ati betri imechoka. Nikamwuliza ilichokea wapi, iliingia kwenu ikiwa na nguvu! Kaichaji, kaningojesha kwenye benchi. Kisha kapanda mwenyewe, kazunguka jengo, karudi anatabasamu. Mbona inakwenda, mzee?

Nikapanda mie. Kona ya kwanza tu — kimya.

Nimeisukuma tena. Leo nilipita njia ya nyuma, nisionwe.

Alhamisi, 8 Machi

Nimejua ugonjwa! Tuseme Hayat ndiye kajua. Nilikuwa uani napiga teke, napanda, inazima, nashuka, natukana. Yeye kasimama na ungo wa mchele. Akasema, "Bwana, ukisimama inawaka. Ukikaa ndio inazima." Nilitaka kumkemea, mambo ya chuma na mchele wapi na wapi. Kumbe kweli! Nikafungua kiti. Wale mabwana walipokirudisha wamebana waya chini ya springi. Ngozi ya waya imechunika, shaba iko wazi. Mtu mzito akikaa, springi inashuka, shaba inagusa chuma, umeme wote unakwisha. Ansbert mwembamba, Aidarus mwembamba, wao wakikaa haizimi. Mie na mwili wangu huu, inazima.

Yaani wameniharibia kwa uvivu wa kutazama walichokuwa wanafunga!

Hayat kasema niufunge kitambaa, niusogeze pembeni, nikapeleke mikate. Nikamwambia hapana. Aliyeharibu ndiye atengeneze, tena mbele yangu, tena akiri yeye ndiye aliyeharibu. Hayat kaendelea na mchele wake.

Ijumaa, 9 Machi

Astaghfirullah.

Baada ya swala ya Ijumaa tumekwenda mjini. Aidarus juu ya pikipiki yangu, inakwenda kama mpya, na mie mwenyewe kwenye basi. Hilo peke yake lilinitosha.

Tukaingia dukani kwa wakala. Nikamwonyesha Ansbert waya. Katazama, kasema ule umesagika kwa uzee. Nikamwambia umesagika kwa mikono yako. Kasema pikipiki nzima, tatizo ni mzigo. Karani wao Leonardi akacheka. Mzungu wao akachungulia kutoka ofisini, akauliza nini, Leonardi akamtafsiria, na yeye akacheka! Wote watatu! Hata Aidarus nilimwona anatazama ukutani, mdomo kaubana.

Damu ikapanda. Nikamwambia Ansbert, wewe si fundi, wamekutoa kwenye migomba yenu Bukoba wakakuvisha ovaroli. Kicheko kikaisha. Ningeondoka hapo ningekuwa nimeshinda.

Sikuondoka. Nilipiga ngumi kaunta nikasema, wote wakisikia: "Nikiingia tena duka hili, mke wangu Hayat kaachika!"

Nikatoka. Nimefika kituo cha basi ndipo nikakumbuka pikipiki nimeiacha ndani.

Jumamosi, 10 Machi

Sikulala. Hayat kaniuliza naumwa nini, nikamwambia tumbo.

Talaka mbili zimeshapita. Ya kwanza mwaka ule tulipooana, tuligombana juu ya mama yangu, marehemu. Ya pili mwaka juzi, kwa maneno ya jirani mmoja ambayo hata hayakuwa kweli. Zote mbili nilimrejea kabla ya eda kwisha, nikilia mlangoni kwao, na zote mbili alikubali. Ya tatu hairejewi. Ya tatu mpaka aolewe na mwanamume mwingine, akae naye, waachane wenyewe. Hayat! Aolewe na nani? Nikifikiria hivyo natamani kuvunja kitu.

Na nimeitundika ya tatu kwenye mlango wa duka la pikipiki.

Aidarus kaja na uso wa kadhi. Kasema, "Shemeji, mie nilikuwepo. Nilisikia." Nikamwomba asimwambie dada yake. Kasema hatasema. Lakini siku utakayotia mguu kule, kasema, siku hiyo hiyo namchukua dada yangu, sikai nikaona mnaishi haramu. Shemeji mdogo ananiwekea sheria uani kwangu! Nilitaka kumfukuza. Nikamkaribisha chai.

Jioni nimekwenda kwa Maalim Mwishehe wa msikitini kwetu. Nilitaraji atanitafutia mlango wa kutokea. Kaniuliza jambo moja tu: uliposema, ulikusudia? Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia wallahi nilikusudia, wakati ule ningekusudia hata mabaya zaidi. Akavua miwani, akaifuta. Kasema basi usiingie duka lile, Abdulsamad, dunia ina maduka mengi. Kisha kanisema mpaka nikatokwa na jasho, ati mke si kitu cha kuweka rehani kwa ajili ya chuma. Kweli. Lakini Maalim hakuchekwa yeye!

Jumatatu, 12 Machi

Nimemtuma Aidarus aichukue pikipiki. Shauri jepesi, nikajiona mwerevu. Aingie yeye, atoke nayo, Ansbert tusionane naye tena.

Karudi kwa miguu.

Waya wameshatengeneza! Mzungu mwenyewe kafungua kiti, kaona, kamfokea Ansbert. Kwa hiyo nilikuwa na haki toka mwanzo. Lakini Ansbert kamwambia Mzungu hatoi pikipiki mpaka aliyemtukania kwao aje amwombe radhi. Pale pale alipomtukania, mbele ya wale wale waliosikia. Na Mzungu kakubali, ati katika duka lake hataki mafundi wake watukanwe makabila. Mwenyewe aje, wamesema.

Wanajua! Walikuwepo, walisikia kiapo. Nikamwuliza Aidarus kama wamekumbuka. Kasema Ansbert Mkristo, hajui uzito wa maneno yale, kadhani ni matusi tu ya mtu mwenye hasira. Leonardi je? Aidarus hajui.

Niwashtaki basi! Niende polisi nikaseme nini? Pikipiki yangu imezuiliwa kwa sababu sitaki kuomba radhi? Askari atauliza, kwa nini usiende?

Jumanne, 13 Machi

Kantini wamepata mwokaji mwingine. Wa Temeke, mkate wake kama sponji. Wanakula tu.

Hayat kaniuliza usiku tukila kwa nini siendi kuomba radhi. Nikasema siwezi. Kasema, "Kwani ulimi utakatika? Mie mara ngapi umeniomba radhi, umekatika?" Kwa upole tu, anang'oa miiba ya samaki ananiwekea upande wangu. Nusura nimwambie yote. Na nusura nimfokee. Vyote viwili kwa wakati mmoja! Nikainuka nikanawa.

Kanifuata mpaka mlangoni. Kasema baada ya Tekla kumweleza habari ya mtu kutukaniwa migomba ya kwao, anaona haya kumtazama Tekla usoni. Tekla ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mke wa karani wa forodha, naye ni wa Bukoba. Wanapeana mboga. Hiyo habari imefikaje kwa Tekla? Ansbert ni mtu wa kwao, wanasali kanisa moja.

Kama habari ya migomba imefika, na nyingine?

Alhamisi, 15 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Sikuingia. Nimesimama ng'ambo ya barabara, barazani kwa Mhindi muuza vitambaa, nikamtuma mchukuzi akamwite Ansbert. Nilikuwa tayari kuomba radhi. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshayapanga maneno.

Ansbert kaja mpaka mlangoni, kasimama. Nikamwambia njoo huku tuseme. Kasema, "Ingia wewe." Nikamwambia toka, bwana, nina neno jema. "Neno jema lina miguu, lije ndani. Matusi ulikuja nayo ndani." Nikaanza kusema pale pale, kwa sauti, toka ng'ambo, kwamba nilikosa. Lori likapita. Hakusikia, au alijifanya. Watu wakaanza kukusanyika. Mmoja kasema Mwarabu huyu anaona vibaya kuingia kwa sababu fundi mweusi. Si kweli! Lakini nitawaambia nini? Kwamba mke wangu yuko kwenye kizingiti kile? Nimwambie nani jambo kama hilo, barabarani, mchana?

Ansbert alinitazama sana. Hakuwa na hasira tena, na hilo liliniudhi zaidi. Kasema tu, "Basi unanidharau," kaingia.

Nimerudi nyumbani nimevunja mtungi. Si kwa kusudi. Kwa kusudi.

Ijumaa, 16 Machi

Mikate nusu imerudi. Tumewapa mbuzi wa jirani. Siandiki.

Jumamosi, 17 Machi

Naandika nikiwa barazani kwa Mhindi wa vitambaa, kwa kalamu yake, kwenye kijitabu changu cha oda. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi nimekwenda Chanika kununua kuni za tanuri. Nimerudi, nyumba imefungwa. Mume wa Tekla kaniambia wamekwenda mjini, mkewe na mke wangu. Kwa wakala! Hayat kamwomba Tekla amwongoze kwa mtu wa kwao, amwombe radhi kwa niaba yangu, arudi na pikipiki. Ati alitaka nikute imesimama uani. Kachukua na mikate ya maziwa, kaikanda mwenyewe. Aliondoka anafurahi, kasema mume wa Tekla.

Sikungoja basi. Nimedandia lori la mchanga.

Wako ndani. Nawaona kwenye kioo. Hayat kwenye benchi ile ile niliyongojeshwa mie, ushungi kajifunika vizuri. Tekla anasema na Ansbert Kihaya, mikono inakwenda, wanacheka. Mie Kihaya sikijui hata neno. Wanacheka nini? Mikate iko juu ya kaunta, Mzungu anakula.

Nimemtuma mchukuzi amwite atoke. Kaingia, kapewa mkate, kasimama anatafuna! Mjinga! Nimepunga mkono. Hayat haangalii huku.

Leonardi katoka nyuma ya kaunta. Kainama anasema na Hayat. Anasema sana. Ana nini cha kumwambia mke wa mtu, karani yule? Kaonyesha kaunta, pale nilipopiga ngumi. Ameipiga kwa ngumi yake, polepole, anaonyesha jinsi ilivyokuwa.

Hayat hatikisiki.

Labda anamwambia habari ya migomba tu. Inawezekana. Ngumi ilikuwa ya yote, matusi na kiapo. Ee Mwenyezi Mungu, iwe migomba tu.

Tekla kaacha kucheka. Kamshika Hayat bega. Au anamsaidia kuinuka.

Ansbert anatoa pikipiki, kaisogeza mpaka karibu na mlango. Kapiga teke, imewaka. Kakaa juu yake kwa nguvu, akainuka, akakaa tena, anamwonyesha Hayat haizimi. Taa inamulika mpaka huku. Atoke nayo basi! Aisukume mpaka nje, niichukue pale kizingitini, twende zetu nyumbani!

Haitoi. Anangoja niingie mwenyewe.

Hayat kaja mlangoni. Ameniona. Nimepunga mikono yote miwili, nimemwambia toka, Hayat, toka, njoo huku. Hatoki. Kaninyooshea mkono, ananiita niingie.

Kama hakuambiwa, ni mke wangu ananiita nikachukue mali yangu na nimwombe mtu radhi, yaishe. Kama ameambiwa, anaitaka. Ya tatu. Anaitaka kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu waliosikia.

Uso wake siusomi kwa mbali huku. Miaka yote hii, siusomi!

Mhindi anauliza kama nimemaliza na kalamu. Bado. Ngoja.

Ananiita tena. Kaushika mlango kwa mkono mmoja, kaufungua wote, anangoja.