Karatasi Iliyotoka ya Kahawia

Lisekese, Masasi
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yameacha kukusumbua na hiyo baridi ya Newala. Nancy hajambo, utajionea mwenyewe. Mimi ni mzima wa kuweza kuandika. Nimempa Shakila akuletee mkononi, kwa sababu simu yangu sasa anakaa nayo shemeji Trevor, na kwa sababu nitakayosema si ya kwenye simu. Vaa miwani yako uisome mwenyewe, tafadhali, usimpe jirani akusomee.

Najua umeshasikia kwamba Baba Nancy amepoteza jicho. Umbea wa Masasi haukosi nauli ya kupanda huko juu. Lakini nataka usikie kwangu ilivyokuwa.

Kazi yetu unaijua kwa upande wa kalibu tu, hizo za udongo unazotufinyangia. Mimi nakata kioo cha dirisha kiwe duara, naipaka kalibu chokaa ili kioo kisigande, kisha nakilaza juu yake ndani ya tanuri. Baba Nancy anachochea maganda ya korosho. Moto ukikolea, kioo kinalegea chenyewe na kuzama ndani ya kalibu, kinakuwa kibakuli. Kuchoma ni saa chache, ila kupoza ni mpaka kesho yake, maana kioo kikitolewa na joto lake kinapasuka. Kipima joto chetu kilikufa mwaka jana, basi tunatumia karatasi. Nachana kipande cha daftari la Nancy, nakichomeka kwenye tundu la mlango wa tanuri, nahesabu mpaka mia. Kikitoka cha kahawia tunasubiri, kikitoka cheupe Baba Nancy anafungua. Kibakuli cha kwanza lazima akitoe yeye, akilete karibu na uso, apulize vumbi la chokaa huku akitazama kama kimenyooka. Hayo ndiyo maringo yake tangu nimjue.

Alhamisi iliyopita, saa nane mchana, alifungua. Alilalamika kwamba jua la siku hiyo lilikuwa kali mno, akavaa glovu zake za ngozi, akatoa kibakuli, akakipuliza. Kikapasuka mbele ya uso wake. Kipande kimoja kiliingia jicho la kulia, vingine vikamchana shavu na mdomo mpaka meno yakaonekana. Alianguka kwenye lundo la maganda akagaagaa, na yale mafuta ya korosho, unajua yanavyobabua, yakaingia kwenye vidonda. Alikuwa akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Jicho walilitoa Ijumaa.

Sasa wanasema kosa ni lako. Trevor anatembea na kipande cha kalibu iliyovunjika siku hiyo, anamwonyesha kila mtu na kusema kwamba hukulitoboa lile tundu la chini la kutolea hewa, hewa ikafungiwa humo, ikakipasua kioo. Ameapa mbele ya ndugu zake kwamba Jumamosi watakuja kuvunja vyungu vyako vyote, na baada ya vyungu watavunja mikono uliyovifinyangia. Pikipiki mbili zimeshajazwa mafuta. Usidhani ni maneno ya pombe. Ndiye yule aliyemkata mtu panga Lupaso kwa ajili ya mpaka wa mikorosho, na hakuwa amekunywa.

Mama, kalibu ilikuwa na tundu. Hujawahi kusahau tundu hata siku moja.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo niliangusha kioo kikavunjika. Baba Nancy alinishika mkono wa kushoto akaubandika kwenye mlango wa tanuri, ambalo lilikuwa bado halijapoa, akahesabu taratibu mpaka kumi. Ngozi yangu ilibaki kwenye bati. Nancy alikuwa amesimama hapo hapo, na daftari lake mkononi. Baba yake akamwambia kwamba siku nyingine itakuwa zamu yake, na kwamba yeye atawekwa uso.

Mchana akaniuliza kama tayari. Nilichomeka karatasi, nikahesabu mpaka mia. Ilitoka ya kahawia, na pembeni nyeusi kabisa. Niliikunja kwenye pindo la kitenge, nikachana nyingine, nikamwonyesha hiyo nyeupe. Nikamwambia, Baba Nancy, limepoa.

Sitakudanganya kwamba nilikosea. Nilijua atakileta usoni. Aliposhika uso akilia nilisikia raha, kisha nikaenda nyuma ya tanuri nikatapika. Yote mawili yalikuwa ya kweli.

Ile karatasi ya kahawia iko ndani ya bahasha hii. Ina hesabu za Nancy za kugawanya, Trevor ataujua mwandiko. Wakija, usiwabishie na usijitetee, wape karatasi, uwaambie ni Dominika. Mimi nikishamkabidhi Shakila barua naenda kituo cha polisi. Nitawaonyesha mkono, na nitawaambia la karatasi pia, sitaacha moja. Wakinifunga, wanifunge.

Mara mbili nilikuja kwako na majeraha. Mara mbili ukanikanda kwa maji ya moto, ukaniambia nikavumilie, ukanifungia na makopa ya muhogo ya kumpelekea Baba Nancy. Nilikukasirikia, mama, na bado nimekukasirikia, ila mikono yako siwezi kuiacha ivunjwe kwa ajili yangu.

Nisalimie Baba mdogo Silvano, na dada Flora, na wote wa hapo nyumbani wanaoniulizia. Huyo mtoto aliyesimama na Shakila mlangoni, mwenye mfuko wa nguo, mkaribishe ndani. Hajala tangu asubuhi. Mimi ulinirudisha. Yeye usimrudishe.

Ni mimi mwanao,
Dominika